Oldboy (2003): Nani Kawaruhusu Kuikata Ile Korido?

Mambo vipi wanangu wa Chuga, na nyie mnaotucheki kutoka Moshi, Dar na kokote mlipo! Leo nina hasira. Kuna mtu kanitumia kile kipande cha ugomvi wa koridoni cha muvi ya Oldboy. Kimekatwa kikakaa wima kwa ajili ya simu, halafu juu yake kuna jamaa anatafsiri kwa makelele mwanzo mwisho. Jamani, mmeua!

Hadithi mnaijua. Oh Dae-su kafungiwa chumbani miaka 15, katoka, anamtafuta mbaya wake. Muvi ya Korea Kusini, mwongozaji Park Chan-wook, basi. Twende kwenye korido.

Naiweka hapa kwenye laptopu. Cheki kamera ilipo: haiko mgongoni kwake wala usoni. Iko ubavuni, kama vile ukuta mmoja umebomolewa, na inateleza taratibu kumfuata. Huku yeye na nyundo yake, kule genge zima. Sasa subirini... subirini... mmeona kata yoyote? Hamna! Karibu dakika tatu, pigo moja la kamera. Walirudia mara 17 kwa siku tatu mpaka ikakaa. Kile kisu anachochomwa mgongoni ndicho kazi ya kompyuta.

Ngoja nirudishe kidogo. Hapa, kaanguka. Kamera haimsogelei kumwonea huruma, inamngoja. Na genge nalo limesimama, wanahema, wengine hoi kabisa. Lini mmeona majambazi wa muvi wakachoka? Kwenye muvi za kukatakata unajua kata ijayo stelingi keshainuka, unatafuna karanga zako. Hapa huna hakika. Mtu anayechoka hivi anaweza akafa kweli.

Sasa tazama simu yangu, ileile lakini wima. Genge liko wapi? Halipo! Namwona Dae-su peke yake anapigapiga nyundo. Roho ilikuwa inabanwa na kuwaona wote waliobaki kwa mkupuo mmoja, na wewe uliyeikata ndio umewafuta.

Halafu lifti. Inafunguka, imejaa watu wengine! Dae-su anatabasamu. Kata. Lifti inafunguka chini, wanamwagika sakafuni. Park kakulazimisha uone kila ngumi kule koridoni, ya lifti kakunyima. Aisee, huyu Park ana roho mbaya, nampenda.

Wamarekani wakairudia 2013, mwongozaji Spike Lee, stelingi Josh Brolin. Ugomvi wakaushusha na ngazi ya chini, nyundo ipo, jasho sijaliona. Na ndugu zangu wa Bongo Movie, nawapenda, ila kofi moja mnalionyesha mara tatu, kila pembe, na muziki juu. La nini? Kofi lenyewe hata halikumfikia mtu!

Eti nini? Yule pweza anayetafunwa na Dae-su kwenye muvi? Ndiyo, yuko hai. Choi Min-sik, anayeigiza Dae-su, alimla kweli. Watu wa Tanga mtatuambia, sisi huku tubaki na nyama choma.

Nilitaka niipe kumi. Lakini nusu ya pili, yale mambo ya kuchezewa akili kwa usingizi (hypnosis), mh, hapo napewa kamba. Nane. Haya, nane na nusu, kwa ajili ya lifti.

Mtaani flashi wanakuwekea kwa jero. Omba isiyotafsiriwa, yenye maandishi chini. Ukiwekewa yenye DJ, rudisha, dai jero yako. Sauti za ile korido, pumzi za watu, ndizo unazozilipia. Na watoto wakalale kwanza, hii siyo ya sebuleni na mama mkwe.

Jumamosi tupo laivu, umeme ukituruhusu. Bonyeza kengele, halafu niandikie hapo chini: lifti ilipofunguka ile ya pili, ulitegemea nani atoke? Wa kusema "nilijua" nawafahamu, waongo nyie!