Walinifutia hesabu za kikoba kwa betri ya elfu mbili

Nianze na swali aliloniuliza yule kijana fundi wa kampuni ya intaneti, maana mengine yote naweza kuyasamehe. Amekaa kwenye kiti changu, mbele ya kompyuta yangu, chai yangu mkononi mwake. Ananitazama mimi niliyempigia simu, mimi niliyelipia kifurushi, mimi ambaye jina langu ndilo liko kwenye mkataba, halafu anasema: "Mama, kwani baba hayupo? Nilitaka nimweleze yeye, haya mambo ni ya kiufundi kidogo."

Baba alikuwa Singida kikazi. Na hata angekuwepo, mume wangu simu yake mwenyewe humpa mjukuu amwekee vocha.

Jina la kampuni silitaji. Wanajijua. Ni hawa wa nyaya za faiba wanaopita mitaani na pikipiki na ngazi, na huku kwetu Tabata wamejaa. Walitufungia mwezi gani sikumbuki vizuri, ila mvua zilikuwa zimeanza, maana fundi wa kwanza alikataa kupanda nguzo mpaka zikatike. Huyo wa kwanza alikuwa na adabu. Alinipa shikamoo, akavua viatu mlangoni, akafanya kazi yake. Taa za ruta zikawaka kijani, akajaribu kwa simu yake, akajaribu kwa simu ya binti yangu, video ikaenda bila kukwama. Akavuta waya mmoja kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta yangu ya mezani, alama ya mtandao ikatokea pale pembeni, akasema tayari mama. Siku hiyo mngeniuliza ningewapa nyota sita.

Jioni nikakaa kwenye kompyuta. Hakuna kinachofunguka. Google haifunguki, barua pepe haifunguki, ukurasa wa benki ndiyo kabisa. Kila ninachobofya kinaniletea ukurasa mweupe wenye alama nyekundu na maneno ya Kiingereza. Nafunga, nafungua, unarudi uleule. Simu zote ndani zinakula intaneti, mjukuu yuko sebuleni anachekeana na katuni zake, mimi mlipaji ndiye nimekaa kavu.

Kompyuta yenyewe ni mtumba, niliinunua Kariakoo miaka mingi sasa, na kazi yake ilikuwa moja tu: hesabu za kikoba chetu. Mimi ndiye mweka hazina. Tuko wanachama 25. Hisa, mfuko wa jamii, mikopo, marejesho, riba, faini za wachelewaji, vyote mle ndani. Tangu niinunue haikuwahi kuunganishwa na intaneti hata siku moja. Hilo likumbukeni, litarudi.

Nikapiga huduma kwa wateja. Dada ana sauti ya kubembeleza, lakini anasoma mahali, unamsikia. "Zima ruta, hesabu mpaka thelathini, washa." Nikazima, nikahesabu, nikawasha. Kesho yake mwingine, maneno yaleyale. Namwambia dada, simu zote zinafanya kazi, tatizo ni kompyuta. Ananijibu, "Sawa mama, sasa zima ruta." Mara ya tatu ndipo akaja mmoja mbunifu: nichukue sindano, nyuma ya ruta kuna kitundu, nichome nishikilie sekunde kumi. Nikachoma. Nyumba nzima ikakosa intaneti.

Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba kile kitundu hurudisha ruta ilivyotoka kiwandani. Kinafuta kila alichoingiza fundi siku ya kufunga, pamoja na jina na neno la siri ambalo ruta yetu hutumia kujitambulisha kwa mitambo yao. Na vitu hivyo mteja hapewi. Yaani walinituma nijikatie mwenyewe, kwa sindano yangu ya kushonea! Siku mbili mjukuu ananiuliza bibi umefanya nini.

Ndipo akaja huyu wa pili, wa "baba hayupo".

Hakusema shikamoo. Alisema "Mambo, mama." Mimi nina miaka ya kumzaa huyo na kaka yake. Ila nimpe haki yake: ruta aliirudisha kwa dakika kama kumi, taa kijani, simu zikarudi hewani. Angeishia hapo, leo nisingekuwa naandika. Nikamwonyesha kompyuta. Ule ukurasa wa alama nyekundu ukatokea, akaufunga. Akafungua mwingine, ukatokea, akaufunga. Hakuusoma. Namwona macho yake, hakusoma hata mstari mmoja. Akaegemea nyuma akasema, "Hii Windows imeshakufa, mama. Inabidi tupige upya." Nikamuuliza vitu vyangu vitakuwaje, ndipo akaniuliza habari za baba. Nilipomwambia mwenye kompyuta ni mimi, akacheka kidogo, akasema, "Vilivyoko D haviguswi, usiwe na presha."

Sasa nisikilizeni nyie mnaotumia kompyuta kama mimi, mnaoweka mafaili palepale mbele, kwenye ile picha inayotokea ukiwasha, kwa sababu ndipo unapoyaona. Pale si D. C na D ni kama makabati mawili ya kuhifadhia vitu ndani ya kompyuta. Vinavyokaa pale mbele vimo ndani ya C, na C ndiyo inayofutwa mtu akikupigia Windows upya. Yeye alijua. Mimi sikujua. Na faili langu lilikuwa pale mbele, linamtazama usoni, limeandikwa KIKOBA kwa herufi kubwa. Alichotakiwa kufanya ni kuniuliza, mama, hili ni la nini? Swali moja. Lakini swali lake alikuwa ameshalimalizia kwa baba.

Alipiga Windows yake mpaka jua likaelekea kuzama. Mwishoni, kabla ya kufungua Google, alikwenda pale kwenye kona ya chini ya kioo penye saa, akaminya-minya, akarekebisha tarehe. Nimemwona kwa macho yangu haya. Kisha akafungua Google, ikafunguka. Barua pepe, ikafunguka. Akanitazama kama daktari aliyemfufua mgonjwa. Akasema kompyuta si kifaa cha kampuni kwa hiyo hiyo ni kazi ya pembeni, elfu thelathini, nitume kwenye namba yake. Nikatuma. Jamani, nilimshukuru! Nikamfungia na maandazi.

Usiku nikatafuta faili. Sitaki kueleza usiku huo.

Nina daftari, sikatai. Marejesho mengi nayaandika kwenye daftari kwanza. Nina pia flashi yenye nakala, ila ya miezi minne au mitano nyuma, maana kila mwisho wa mwezi nasema nitahamisha kesho. Kilichokatika ni katikati: nani kaongeza hisa lini, nani kalipa faini, na lile jedwali la riba ambalo nilikaa nalo wiki nzima mpaka likakubali kujumlisha.

Asubuhi nikawasha kompyuta. Ule ukurasa wa alama nyekundu umerudi.

Niliubeba mzigo wote nikapanda nao bajaji mpaka kwa kijana mmoja anayetoa fotokopi karibu na kituo. Mdogo tu, ana meza moja na feni. "Shikamoo, mama, karibu." Akaniwekea kiti. Akawasha. Kompyuta yangu ikafanya vile inavyofanya siku zote, ikatoa maneno meupe kwenye weusi, nami nikanyoosha mkono nikabonyeza F1 iendelee kama nilivyozoea. Yule kijana akanishika mkono. "Subiri, mama. Hii huwa inaandika hivi kila siku?"

Kila siku, nikamwambia. Miaka. Nilijua ndivyo inavyosalimia.

Akasoma kwa sauti: inasema saa na tarehe hazijapangwa. Akaendelea, Windows ikawaka, kwenye kona imeandika Januari 2011. Akafungua Google, ule ukurasa ukaja, naye akausoma pia. Ulikuwa unasema kwa Kiingereza cha darasa la tano kwamba saa yako iko nyuma. Ndivyo ulivyokuwa unasema tangu jioni ile ya kwanza. Kwa wale madada wa sindano, kwa yule wa baba hayupo, na kwangu.

Akanieleza, na alinieleza mimi, hakutafuta mwanamume. Tovuti za siku hizi zina cheti, cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inaamini tuko Januari 2011, inaonyeshwa cheti cha mwaka ambao kwake haujafika, inaona huyu ni tapeli, inafunga mlango. Ni mlinzi wa getini anayekataa kitambulisho halali kwa sababu kalenda ya kibandani kwake ni ya zamani. Simu hazina shida hiyo kwa kuwa zinachukua saa kwenye mtandao. Nikamuuliza mbona kompyuta nayo isichukue hukohuko? Akasema Windows hujirekebisha ikiwa imepotea kidogo, lakini tofauti ikizidi saa 15 kwa mpangilio wake wa kawaida, inagoma.

Na kwa nini inapotea? Akafungua mbavu za kompyuta, akaniita nione. Kwenye mazabodi, ile bodi kubwa ya ndani inayobeba vifaa vyote, kuna kibetri cha duara kama sarafu, CR2032, volti 3. Hicho ndicho kinachoshika saa pale umeme unapokuwa haupo kabisa. Akakipima, kikasoma volti moja na kitu. Kimekufa siku nyingi. Kompyuta ikikesha kwenye soketi saa haipotei, lakini mimi kila usiku nazima swichi ukutani, maana umeme wetu ukikatika ukirudi unarudi na hasira. Kwa hiyo kila usiku nilikuwa naiua saa kwa mkono wangu, na asubuhi naibonyezea F1.

Akakichomoa kwa bisibisi, akaweka kipya, akapanga tarehe palepale kwenye yale maneno meupe. Betri elfu mbili. Ufundi akasema nimpe ya soda. Akajaribu pia kuliokoa faili langu, akaliachia programu ya kutafuta vilivyofutwa mpaka jioni. Zilirudi picha za harusi ya mdogo wangu. Faili la kikoba lilirudi halina jina, na lilikataa kufunguka. Akaniambia pole mama, ungeniletea kabla hujaendelea kuitumia, labda.

Kwa hiyo yule mwingine hakutengeneza chochote. Kilichofungua Google siku ile ni zile sekunde tano alizominya tarehe pale kwenye kona. Aliona saa imepotea, akairekebisha, na hakujiuliza imepoteaje. Angeanza na kona ile, hesabu zangu zingekuwepo. Alianza kwa kufuta.

Nilipiga kulalamika. "Pole sana mama, tumelipokea, tutalifanyia kazi." Walinitumia ujumbe nipime huduma, moja hadi tano. Sijaujibu mpaka leo.

Maana hapa ndipo ninapokwama. Intaneti yao ni nzuri. Nasema kweli ingawa inaniuma. Tangu kibetri kile kiwekwe, kompyuta inafungua kila kitu, binti yangu anafanya mikutano ya kazi chumbani, mjukuu na katuni, mimi na kikoba, wote kwa pamoja, haitetereki. Nilipoanza kuandika nilikuwa na nyota moja mkononi. Halafu nikafika kwenye F1, nikaona aibu, nikasema basi tatu, kwani kampuni ndiyo iliyoniambia nibonyeze miaka yote bila kusoma? Betri si yao. Kompyuta si yao. Kweli kabisa.

Lakini mafaili hayakufutwa na betri. Elfu thelathini haikuingia kwenye mfuko wa betri. Wala betri haikuniuliza mume wangu yuko wapi. Mbili. Na hiyo ya pili ni ya yule wa kwanza aliyevua viatu.

Sasa kuna mwanachama mmoja anasema mkopo wake wa laki moja na nusu alishaumaliza, na fungu la mwisho alinipa mkononi, eti akaniona nikiliandika kwenye kompyuta. Kwenye daftari halimo. Yawezekana anasema kweli, maana kuna siku naandika kule moja kwa moja nikisema daftari baadaye. Yawezekana pia kasikia habari za kompyuta yangu. Jumapili tuna kikao. Nitakwenda na daftari, na kile kibetri kilichokufa nimekitia kwenye pochi, kwa sababu najua kuna watakaosema nimeyafuta mwenyewe.