MPC One na iPad: mmoja ashike saa, mwingine atoe sauti

Ninatumia Akai MPC One, mashine ya kutengenezea muziki bila kompyuta, pamoja na iPad ya kizazi cha tisa hapa Kisumu, na sasa najua kila kebo inaenda wapi na kwa nini. Vinapatana vizuri, ila si kwa njia ambayo wengi huijaribu kwanza. Mtu huvikutanisha, akaacha kila kimoja kiendeshe wimbo kwa saa yake, kisha jioni nzima inaishia kutafuta kwa nini hi-hati inaikimbia besi. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Kwangu MPC ndiyo inayoshika ngoma, sampo (vipande vya sauti vilivyorekodiwa), mpangilio wa wimbo na kurekodi. iPad inatoa sauti za vinanda tu. Hiyo inaiziba MPC pale inapopungukiwa: kwenye programu yake ya toleo la 2, ikifanya kazi bila kompyuta, ina nafasi ya traki 8 za sauti na vinanda vya ndani 8, vyote vikigawana RAM ya GB 2. iPad nayo inapewa kile isichokuwa nacho, padi 16 za mpira zinazojua umepiga kwa nguvu kiasi gani. Kioo hakipigiki, hata ukikizoea.

Kwanza tuondoe tumaini la kebo moja ya USB. Tundu la USB-B la MPC limekusudiwa kompyuta yenye programu ya Akai. Lile la USB-A hupokea vifaa kama flashi, kibodi au kadi ya sauti (kifaa cha kuingizia na kutolea sauti). iPad nayo inataka kuwa mwenyeji wa vifaa, si mgeni. Kuna kadi za sauti zenye matundu mawili ya wenyeji, kama AUDIO4c ya iConnectivity, zinazotatua jambo hili, lakini sikuona haja ya kuagiza kifaa kizima kwa kazi inayofanywa na kebo mbili: ya jeki kwa ajili ya sauti, na ya MIDI (lugha ambayo ala za kielektroniki hupeana amri) kwa ajili ya noti.

Kebo ya sauti ndipo makosa yanapoanzia. Unayotaka ina jeki moja ndogo ya stereo ya milimita 3.5 upande wa iPad, na upande wa pili jeki mbili kubwa za milimita 6.35, kila moja ikiwa ya mono, yaani yenye mstari mmoja mweusi kwenye chuma. Ya kushoto inaingia Input 1, ya kulia Input 2. Madukani ni rahisi kupewa kebo yenye jeki moja kubwa ya stereo, yenye mistari miwili, ukaambiwa ni sawa tu. Ichomeke Input 1 usikie kioja: mwangwi upo, gitaa la pembeni lipo, lakini besi, kiki na mwimbaji wamepotea. Kebo haijaharibika. Tundu lile limetengenezwa kwa sauti ya balansi (sauti ileile kwenye waya mbili, moja ikiwa imegeuzwa), kwa hiyo huchukua kilicho kwenye ncha ya jeki na kupunguza kutoka kwake kilicho kwenye pete. Kwenye kebo ya stereo, ncha ni kushoto na pete ni kulia. Chochote kilicho sawa pande zote mbili hujifuta chenyewe, na vitu vilivyo katikati ya wimbo ndivyo huwa sawa pande zote mbili.

Sauti ya iPad niliiweka karibu na mwisho, halafu Rec Gain ya MPC (inayoongeza sauti inayoingia) nikaipandisha polepole hadi vilele vikafika kama desibeli 6 chini ya sifuri. Kufanya kinyume, iPad chini na Rec Gain juu, kunaleta mchakacho wa bure.

Kisha kuna mbu. Ukichaji iPad huku jeki ikiwa imeingia MPC, utasikia mlio mwembamba unaobadilika kila ukigusa skrini. Chaja hukatakata umeme mara maelfu kwa sekunde. Uchafu unaobaki hutafuta njia ya kwenda ardhini, na ganda la kebo yako ya sauti ndilo linalokuwa njia, kupitia MPC hadi kwenye spika. Jaribio ni kuchomoa chaja: mlio ukikata papo hapo, umempata mwizi. Dawa ya bure ni kurekodi kwa betri, na Apple huahidi kama saa 10 kwa matumizi mepesi, ingawa muziki huila upesi zaidi. Dawa ya kununua ni kisanduku kidogo chenye transfoma za kutenga kinachokaa katikati ya kebo. Nilichonunua kinaondoa mlio wote ila kinapunguza besi ya chini kabisa, kwa hiyo besi ya Model D (kinanda cha programu ndani ya iPad) nairekodi bila hicho kisanduku, chaja ikiwa imechomolewa. Ukiona mtu anavunja pini ya athi ya plagi ili kuondoa mvumo, mwambie aache. Pini ile ipo kwa ajili ya uhai wake.

Kwa MIDI nilitumia kebo ya USB yenye plagi mbili za pini tano, kupitia adapta ya kamera ya Apple ya Lightning kwenda USB 3. Maandishi kwenye kebo hizi huwachanganya wengi. Plagi iliyoandikwa OUT inatoa, kwa hiyo inaingia tundu la MIDI In la MPC, na ile ya IN inaingia MIDI Out. Ukiona taa ya kebo inawaka na hakuna kinachosikika, zibadilishe kabla hujagusa mpangilio wowote. Zile za bei ya chini kabisa zina kasoro nyingine ambayo taa haionyeshi: hupoteza ujumbe noti zikija nyingi kwa pamoja. Noti ya kuanza inafika, ya kuzima inapotea, na kinanda kinabaki kikilia hadi uzime programu.

Ndani ya iPad natumia AUM, ambayo ni kama miksa (mahali pa kuchanganyia sauti) yenye matundu ya kuweka vinanda vya programu nyingine. Inanunuliwa mara moja, haina ada ya mwezi. Nafungua chaneli, naweka Model D ya Moog, kisha kwenye jedwali la njia za MIDI nagusa mahali kebo inapokutana na Model D, na kuichagulia chaneli 1. Kinanda cha pili chaneli 2, na kuendelea. Upande wa MPC, kila kinanda kina traki yake ya aina ya MIDI, inayotuma noti kupitia tundu la MIDI kwa namba ileile ya chaneli. Hakikisha AUM hairudishi noti ilizopokea kwenda MPC. Ikizirudisha, kila noti inapigwa mara mbili kwa tofauti ndogo sana, na besi iliyokuwa nene inakuwa na uwazi kana kwamba inalia ndani ya bomba.

Hapa ndipo inapofaa kutaja saa, na hapa naona watu wanajitesa bure. MPC ikiwa ndiyo inayotuma noti, iPad haihitaji kujua mwendo wa wimbo. Inapokea noti, inalia. Basi. Kama kuna mwangwi unaofuata mwendo ndani ya AUM, andika tu namba ileile, mathalani 118, pande zote mbili. Hakuna kinachoteleza kwa sababu hakuna mashine mbili zinazohesabu. Saa ya MIDI inahitajika pale tu iPad inapopiga kitu chenyewe, kama arpejio (noti zinazojipiga moja moja kwa zamu) au lupu (kipande kinachojirudia). Saa hiyo ni mipigo 24 kwa kila biti moja. Kwa mwendo wa 120, mpigo unakuja kila milisekunde 20.8, na kifaa kinachofuata hukisia mwendo kutokana na mapengo hayo. iPad ikiwa ndiyo inayotoa saa, mapengo hayalingani sawasawa, na namba kwenye skrini ya MPC inacheza: 117.9, 118.1, 118. Kwa kipande cha kurekodi mara moja, vumilia. Kwa wimbo mzima, rekodi ile lupu kama sauti ndani ya MPC kisha uikate saa.

Kuchelewa kwa sauti hakuepukiki, ila kunapimika. Bafa ya AUM (kiasi cha sauti inachokusanya kabla ya kuitoa) ikiwa 256 kwa kilohezi 44.1, hiyo ni milisekunde 5.8, ikiwa 128 ni 2.9, 512 ni 11.6. Ongeza karibu milisekunde 1 kwa kila noti inayopita kwenye kebo ya MIDI, maana zinapita moja moja kwa foleni, hivyo noti sita zinazopigwa mara moja hazifiki kwa pamoja kama unavyodhani. Kupima: kwenye MPC weka noti moja fupi mwanzo kabisa wa baa, itume kwenye kinanda chenye mlio wa ghafla, rekodi sauti inayorudi, ifungue kwenye Sample Edit na uangalie mlio unaanzia nukta ya ngapi. Sekunde moja ina nukta 44,100. Ukikuta umeanza nukta ya 600, umechelewa milisekunde 13.6, na hizo 600 ndizo utakazokata mwanzoni mwa kila rekodi ya kinanda hicho. Ukibadilisha bafa, pima tena. Mimi nabaki 256. Kwenye 128, iPad hii inaanza kukwaruza nikifikisha vinanda vinne au vitano vizito.

Kabla ya kurekodi, weka iPad kwenye hali ya ndege na uzime arifa zote. Mlio wa WhatsApp unapita njia ileile ya kinanda na unaingia moja kwa moja kwenye traki.

MPC One haina kikuza sauti cha maikrofoni. Matundu yake ni ya sauti ya laini tu. Kwa mtu wa kanda hii hilo ni pengo kubwa, kwa kuwa utajiri wetu mwingi uko kwenye ala za kuchukuliwa kwa maikrofoni, na hapo iPad inabadilika kutoka kinanda kuwa mtambo wa kurekodia. Chukua nyatiti, ala ya Waluo. Ina nyuzi 8, na mpigaji huvaa pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole cha mguu na kugonga nayo ala, huku njuga za gara zikilia mguuni. Hizo ni sauti tatu tofauti. Naweka maikrofoni moja kuelekea ngozi, nyingine chini karibu na mguu, zote kwenye kadi ndogo ya sauti iliyochomekwa iPad. Kadi hiyo inataka umeme: bila kuipa adapta ya kamera chaja, iPad itakuambia kifaa kinahitaji nguvu nyingi mno na kukikataa. Kumbuka pia kwamba kadi ikiingia, tundu la hedifoni linanyamaza, kwa hiyo sikilizia kwenye kadi. Na ukiwa chini ya mabati, maliza kabla ya mvua ya alasiri.

Narekodi kwa kilohezi 44.1 tangu mwanzo, maana ndiyo MPC inayotumia ikiwa peke yake. Kila uzi unapigwa taratibu mara moja na kwa nguvu mara moja: nyuzi 8 mara 2 ni 16, sawa kabisa na padi za MPC. Faili za WAV nazihamisha kwa flashi iliyofomatiwa exFAT, inayosomwa na pande zote mbili. Kisha nazinakili kwenye kadi ya SD, kwa kuwa ndani ya MPC One kuna takriban GB 2 tu za mtumiaji.

Sasa fungua Model D uipige pamoja na nyatiti na utasikia vinagombana. Nyatiti haikutyuniwa kwa kinanda. Usimlazimishe mpigaji afuate kishikwambi, na usivute sampo zote 16. Sogeza mtyuno mdogo wa Model D, senti chache juu au chini (senti 100 ni nusu toni), hadi mtikisiko wa noti ya msingi utulie. Noti nyingine zitabaki na tofauti kidogo, na mimi huziacha. Nikizinyoosha, nyatiti inageuka gitaa.

Kasoro moja sina dawa yake ya kuridhisha: MPC One haina betri. Stima ikipotea, kila kitu ambacho hukuhifadhi kimekwenda, huku iPad ikikutazama imewaka. Washa Autosave kwenye Preferences. Vile visanduku vidogo vya UPS vya ruta havisaidii, kwani vingi hutoa volti 5, 9 na 12, na MPC inataka volti 19 kwa ampea 3.42, yaani hadi wati 65. UPS ya kawaida ya kompyuta inatosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utulivu, ingawa nyingi za bei ya chini zikiwa kwenye betri huleta mvumo kwenye spika, basi usirekodi wakati huo. Mwenye kununua leo, na anayeishi mahali stima inakatika kama huku kwetu, aweke pesa zaidi achukue MPC Live II yenye betri ndani. Hayo mengine yote niliyoeleza, kebo, chaneli na bafa, yatabaki vilevile.