Kisumu hadi New York: je, programu ya umbali inasema kweli?

Hamjambo, karibuni tena. Leo tunapima zile programu za umbali wa ndege: unaandika kiwanja unachotoka na unachokwenda, inakutolea kilomita na saa za kuruka. Nimeweka Kisumu na JFK, kiwanja cha New York, maana wenye watu Marekani mnaniuliza hilo kila mara.

Haya, tazameni kioo. Kilomita 11,560 hivi. Hapo sina ugomvi nayo. Inajua kila kiwanja kilipo kwa latitudo na longitudo, kisha inapiga hesabu ya njia fupi juu ya mviringo wa dunia. Na huu mstari uliopinda si pambo: ukiilaza dunia iwe bapa, njia fupi kama hii kwa kawaida huonekana imepinda. Fuateni kidole changu. Unatoka hapa kando ya ziwa, Busia, Uganda, Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria, Moroko, ndipo unaingia Atlantiki. Ningekuwa mwalimu wa jiografia ningeanzia hapa.

Sasa saa. Imeandika 13 na nusu na ushee. Programu nyingi za aina hii hugawa kilomita kwa mwendo mmoja, tuseme 850 kwa saa, basi, zimemaliza. Ijaribuni kwa safari mnayoijua. Kisumu hadi Nairobi angani ni kama kilomita 280. Gawa kwa 850: dakika 20! Nani hapa amewahi kufika Nairobi kwa dakika 20? Ratiba husema karibu 50, kwa sababu ndege inatambaa uwanjani, inapanda, na haijatulia vizuri inaanza kushuka. Zilizo na akili zaidi huongeza nusu saa juu ya hesabu. Hii haiongezi.

Halafu upepo, jamani. Kenya Airways ilipoanza kuruka Nairobi hadi New York bila kutua, tarehe 28 Oktoba 2018, kwa Boeing 787, safari ilipangiwa karibu saa 15 kwenda na 14 kurudi. Viwanja ni vilevile. Ila huko juu, hasa ukishafika kaskazini, kuna upepo mkali unaovuma toka magharibi: ukienda unakuzuia, ukirudi unakusukuma. Programu yangu inakupa saa zilezile kwenda na kurudi. Hapo imeanguka mtihani.

Na kuna hili: ndege ya moja kwa moja toka Kisumu hadi New York haipo. Utaenda Nairobi kwanza, usubiri. Kichekesho chake nikichora Nairobi hadi New York, kilomita kama 11,830, mstari unapita karibu na Nakuru, unakuja hadi maeneo ya Webuye, kaunti ya Bungoma! Marubani hawafuati mstari huu neno kwa neno, wana njia wanazopangiwa, lakini kwa hesabu hii mtu wa Bungoma anapelekwa mashariki kisha anarudishwa juu ya paa la kwao.

La mwisho, saa za huko. New York iko nyuma yetu kwa saa 8 majira yao ya baridi, 7 wakati wa joto, na programu haigusi hilo kabisa. Ukitaka shemeji aje kukupokea, msomee saa ya kutua iliyo kwenye tiketi, ambayo ni saa ya kwao. Kilomita hizi mtabishania baadaye mkila.