Huduma ya kulelea watoto nyumbani: kabla na baada ya mlezi kupata mafunzo

Kwa miezi 9 mwanangu amekuwa akishinda kwa mama mmoja anayelea watoto 5 nyumbani kwake, na kwa kuwa mama huyo alipata mafunzo ya ulezi sisi tukiwa tayari wateja wake, nimeweza kuipima huduma ileile kabla na baada.

Kilichobadilika upesi ni usafi na usalama. Sabuni ilihamia karibu na mahali pa kubadilishia nepi, dawa zikapandishwa kwenye kabati lenye kufuli, na kichanga aliyekuwa akilazwa kifudifudi kati ya mito sasa hulazwa chali kwenye godoro gumu lisilo na mto, jambo linalopunguza hatari ya kifo cha ghafla usingizini. (Nami nilikuwa nikimlaza wangu kifudifudi, kwa hiyo somo hilo lilinifikia bila ada.)

Upande wa mazungumzo ulichelewa. Mwongozo wa malezi uliotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia unataja mambo 5: afya njema, lishe ya kutosha, usalama, fursa za kujifunza mapema, na malezi yanayoitikia ishara za mtoto. Hili la mwisho haliingii kwa kunakili ubaoni. Mlezi wetu alirudi na daftari lililojaa na cheti alichokitundika sebuleni, lakini kwa wiki kadhaa maneno yake yalibaki yaleyale: kaa, nyamaza, usiguse.

Mambo yaligeuka mkufunzi alipoanza kumtembelea kila baada ya wiki mbili, akikaa pembeni ya mkeka na kutazama, kisha wakizungumza juu ya tukio moja tu alilolishuhudia. Siku moja nilifika mapema nikamkuta mwanangu ameng'ang'ania dirisha, ananyoosha kidole nje. Zamani angeambiwa ashuke. Mlezi alichuchumaa, akatazama kulekule, akasema, "Umemwona paka? Anapanda ukuta, eeh?" kisha akanyamaza kumsubiri, naye mtoto akamjibu kwa maneno anayoyajua mwenyewe. Kimya kile cha kusubiri hakikuwapo kabla ya ziara hizo.

Kasoro zipo. Masomo yalipangwa siku za kazi, nasi wazazi tukaarifiwa jioni ya kuamkia siku yenyewe. Isitoshe, mlezi bado yuko peke yake, na kichanga akianza kulia saa za alasiri, wakubwa wanne hujikalia tu, kwani mafunzo hayamwongezei mtu mikono.

Sitamhamisha mwanangu. Hata hivyo, mzazi anayetafuta huduma ya namna hii ningemshauri asiishie kukitazama cheti, bali aulize ni lini mkufunzi alifika mara ya mwisho na walizungumza nini. Kwa mlezi wetu ziara zilikoma miezi miwili iliyopita, na juzi, nikivua viatu mlangoni, nimelisikia tena lile "nyamaza".