Sensa ya AoA kwenye ndege niliyojiunganishia mwenyewe: miezi nane ya kuitumia hapa Lubumbashi

Wengi wananiuliza kama hii sensa ya AoA (angle of attack) inastahili pesa ama ni pambo tu la kokpiti, basi naandika mara moja, mwenye kusoma asome. Ndege yangu ni ya viti viwili, ya aluminiamu, bawa la chini, injini Rotax 912 ya farasi 100. Ilikuja kwa makasha, tukaiunganisha miaka minne na papa (mzee) mmoja fundi bati ambaye mikono yake inajua riveti kuliko mimi ninavyojua jina langu.

AoA ni pembe kati ya bawa na hewa inayolijia, basi. Watu wanafikiri bawa linaacha kubeba ndege kwa sababu spidi imekuwa ndogo, hapana, linaacha kwa sababu ile pembe imezidi, kwa mabawa mengi kama yetu ni kwenye nyuzi 15 mpaka 18 hivi. Namba ya stoli (spidi ambayo bawa linaacha kubeba) iliyo kwenye kitabu cha ndege ni ya uzito fulani, ndege inaenda sawa bila kuinama. Ukikata kona umeinama nyuzi 45 bila kupoteza kimo, ile namba inapanda asilimia 19, ukiinama 60 inapanda asilimia 41, na saa hiyo nani anapiga hesabu, wewe shingo imegeuka unatafuta uwanja uko wapi.

Halafu kuko mambo ya kwetu hapa. Luano, uwanja wetu wa ndege, iko karibu mita 1,300 juu ya bahari. Mwezi wa kumi mvua bado haijashika, joto linafika 32, hewa inakuwa nyepesi kama vile uko zaidi ya mita 2,000. Kipima spidi hakijali, kinaandika namba ile ile ya siku zote, lakini chini unaona vichuguu na udongo mwekundu vinakimbia kuliko kawaida, jicho linakudanganya kwamba uko mbio sana, na mkono unavuta fimbo ya kuongozea polepole wewe hata hujui. Mimi ilinipata njo vile. Nilikuwa nageuka kuingia fainali (mstari wa mwisho wa kutua), upepo ukanisukuma nikapita mstari, nikakaza kona, nikavuta, ndege ikaanza kutetemeka nikaisikia mpaka kwenye makalio, bawa la kushoto likadondoka kidogo. Nikaachia fimbo, nikafungua moto wote wa injini, nikazunguka upya. Papa fundi alikuwa pembeni yangu, hakusema neno mpaka tumezima injini. "Mwanangu, ile ilikuwa nini?" Nikamjibu, upepo, papa. Haikuwa upepo.

Wiki ile ile nikaagiza sensa. Kuko za aina ya kibawa kidogo kinachogeuka na hewa, hizo ni nzuri lakini kwenye hanga letu kila anayepita anashika, isingemaliza mwezi. Nikachukua ile ya matundu mawili, kampuni ya Dynon wanatengeneza, Garmin pia wako nayo, kazi ni moja (yangu ni ya kampuni gani siandiki, hapa sifanyi matangazo). Tundu moja liko kwenye ncha linapokea hewa ya mbele kwa ajili ya spidi, la pili liko chini yake kwenye uso ulioinama, pembe ikipanda presha ya pale inapanda, skrini inalinganisha hizo mbili inakupa mstari wa kijani, njano, nyekundu na mlio kwenye hedseti. Bei ilikuwa dola mia mbili na kitu, bila hita ya kuzuia barafu. Usafiri na forodha vikakula karibu sawa na bei yenyewe, hapo nilitaka kulia.

Kufunga si kazi kubwa. Kubwa ni mipira ya kupitisha hewa kutoka matundu mpaka skrini. Tuliipitisha miwili ndani ya bawa, tukajaribu na bomba la sindano, ukisukuma polepole mpaka skrini iandike noti 90 (maili za bahari kwa saa) halafu unabana unangoja. Yetu ikaanza kushuka, 85, 80, 70, papa anatazama skrini kama mtu anatazama mgonjwa. Kiungo cha kwenye shina la bawa kilikuwa kinavuja, tukakata mpira sentimita mbili tukaingiza upya, ikasimama. Tafadhali usitie kompresa pale, utaua vipimo vyote.

Kalibresheni, kuifundisha skrini stoli ya ndege yako iko wapi, njo roho ya hii kitu, na watu wengi wanairuka. Nilipanda futi 3,000 juu ya ardhi asubuhi hewa imetulia, nikastoli na flapu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) na bila flapu, mara nne mara tano, mpaka skrini ikakubali. Usipofanya hivyo unanunua taa za Krismasi.

Sasa matumizi. Mstari wenyewe ni mdogo, uko pembeni ya skrini, na jua la saa tisa sioni kitu, kusema kweli siuangalii. Ninasikiliza. Mlio unaanza kwa mbali, pi... pi... unaongeza mbio kadiri unavyovuta, ukiwa mmoja mrefu umechelewa. Mara ya kwanza papa aliuliza simu ya nani inalia. Siku hizi kwenye fainali mlio ukikaza ananigusa goti, mimi nishaachia fimbo tayari.

Mwezi wa pili ilinitia hofu. Ndege ilikaa wiki mbili juu ya mvua, nikapanda kufanya mazoezi ya polepole, pua juu, ndege inatetemeka, hedseti kimya, mstari kijani kizuri kabisa. Spidi sawa. Kutua, kuchungulia, kumbe nyigu ameziba tundu la chini na udongo, kazi safi kama ya mfinyanzi, tukautoa na uzi wa nailoni. Papa akashona kifuko cha kitambaa chekundu chenye mkia mrefu, kinavikwa kila tukizima injini, na kabla ya kuruka anakishika mkononi ananionyesha ndio nawasha.

Sensa naipa nne kwa tano. Moja nimekata juu ya ule mstari wa kwenye skrini.