TAHADHARI: kuna tapeli anauza "paketi" ya kibali na usafiri wa Appalachian Trail (ile njia ndefu ya kutembea kwa miguu milimani), msimtumie hela

Wadau mnaotembea milima huku Marekani, hasa mnaojipanga kwenda Smokies, yaani hifadhi ya taifa ya Great Smoky Mountains, majani yakianza kubadilika rangi, someni hii kabla hamjatuma hata senti kwa mtu. Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu yetu ya Waswahili, anauza kitu anakiita paketi: kibali cha kulala kwenye vibanda, gari la kukutoa ulikopaki mpaka unakoanzia kutembea, na stika ya maegesho humo humo. Ni mwizi. Kanila dola 340 na hapa naandika mikono inatetemeka kwa hasira.

Safari yenyewe wanaonijua wanaijua, na kwa nini mwaka huu naenda peke yangu pia wanajua, sirudii. Ni kile kipande cha Fontana Dam mpaka Davenport Gap, maili kama 71 juu ya mgongo wa mlima, mpakani mwa North Carolina na Tennessee. Unapita Kuwohi, ile waliyokuwa wanaiita Clingmans Dome mpaka 2024 ikarudishiwa jina lake la Kicherokee, futi 6,643, hakuna pa juu kuliko hapo kwenye Trail nzima kuanzia Georgia mpaka Maine. Nimeilalia na kuiamkia hii safari.

Sasa watu wameshaanza kunitumia meseji za "ila na wewe uliaminije". Niliamini kwa sababu alichokuwa anauza KIPO. Trail kwa ujumla haina kiingilio, lakini ukiingia Smokies hulali unapojisikia. Lazima uwe na kibali, dola 8 kwa mtu kwa usiku, na sisi tunaotembea kipande lazima tuseme usiku gani tunalala kibanda gani. Wanaotoka mbali, yaani wameanza angalau maili 50 nje ya hifadhi na wanaishia maili 50 nje tena, hao wana utaratibu wao mwingine. Kibali unaweza kukikata kuanzia siku 30 kabla, na Oktoba kila mtu anataka kwenda kuona majani, kwa hiyo ukichelewa unakuta vibanda vimejaa. Na usafiri nao ni shida ya kweli, ukiwa peke yako na gari moja lazima mtu akuzungushe mlima mzima, hakuna basi wala nini. Kwa hiyo mtu akikwambia "nakuunganishia vyote" anakugusa pale pale panapokuuma.

Halafu kimbunga Helene. Tangu ile Septemba 2024 kila mtu anayefuatilia anajua njia iliharibika, miti ilianguka, barabara ya I-40 kwenye bonde la mto Pigeon ilikatwa na mto. Yeye akaitumia hiyo. Akaniambia madreva wengi wa upande ule waliacha kazi, waliobaki wanawekwa nafasi mapema, na yeye ana shemeji yake anafanya hiyo kazi. Mtu anaongea Kiswahili safi, ananiita dada, anajua Davenport Gap iko karibu na I-40, unamkatalia kwa lipi?

Ilikuwa mapumziko ya mchana kazini. Nimekaa chumba cha chakula, simu sikioni, ramani nimeitandaza mezani, namweleza usiku wa kwanza nataka kulala wapi. Akawa ananiuliza maswali ya mtu anayejua. Unatembea maili ngapi kwa siku? Begi lako la kulalia linahimili baridi kiasi gani, maana mwezi wa kumi kule juu usiku unaweza kuganda? Unajua kwenye vibanda kuna nyaya za kuning'iniza chakula dubu wasifike? Akanionya chemchemi nyingine zinapungua maji msimu huo nisiruke hata moja bila kujaza chupa. Yote kweli! Hakuna hata moja alilodanganya hapo, na ndiyo maana nikasema huyu ameshapanda.

Basi katikati ya maongezi akabadilika sauti. "Dada subiri, subiri kidogo, Icewater Spring imebaki nafasi moja, naiona hapa kwenye skrini, kuna mtu mwingine kaifungua." Moyo ukanienda mbio. Icewater Spring ndiyo niliyokuwa naitaka kuliko zote, kile kibanda cha baada ya Newfound Gap. Nikamwambia ishike. Akasema haishikiki bila malipo, tuma sasa hivi kwa programu ya benki, na chagua ile ya kutuma kwa ndugu na rafiki ili tusikatwe makato. Nikauliza risiti je? Akasema kibali chenyewe ndiyo risiti, dakika tano unacho kwenye imeili. Akaongeza, namnukuu, "mimi nina dada zangu, siwezi kumwacha mwanamke anayetembea peke yake akakosa pa kulala porini". Alitumia dini, akaapa. Nikatuma, wenzangu mezani wanashuhudia, mmoja akanipongeza kabisa.

Na kweli PDF ikaja. Ina nembo ya hifadhi, ina namba, ina jina langu, ina majina ya vibanda, Mollies Ridge, Spence Field, vyote. Na picha ya stika ya maegesho. Nikaiprinti nikaibandika kwenye friji. Nikawaambia na nyumbani mama asiwe na wasiwasi kila usiku kuna pa kulala kwenye maandishi.

Nilipomtafuta kuulizia saa ya dreva akawa anajibu kwa vipande vipande, mara shemeji anaumwa, mara ongeza dola 60 ya mafuta. Nikakataa, nikasema nitalipa tukionana. Akanibloki hapo hapo. Nikapiga ofisi ya vibali ya hifadhi, nikasomea namba yangu. Dada wa watu mpole kweli, akanirudisha mara ya pili na ya tatu kwenye tarakimu, mwisho akasema hiyo namba haipo kwenye mfumo wao, na usiku ule Icewater Spring ilikuwa imejaa tayari kwa watu wengine. Nilikata simu nikalia. Siyo hela tu. Fikiria ningefika kule juu jioni, giza la Oktoba linaingia mapema, baridi, mvua, halafu askari wa hifadhi ananikuta kwenye kibanda cha watu na karatasi feki. Peke yangu. Huyo mtu alijua kabisa ananipeleka wapi na akaapa.

Huyu asipelekwe mahali pa kuonywa, afungwe. Anaiba hela halafu anamtuma mtu mlimani bila gari na bila pa kulala, ikitokea mtu akapata ajali je? Nimeripoti kwa FTC, ile tume ya serikali inayolinda wateja, na kwenye kituo cha FBI cha uhalifu wa mtandaoni, IC3, na benki nimefungua kesi ingawa wameshaniambia hela iliyotumwa kama ya ndugu ni ngumu kurudi. Viongozi wa magrupu, mtu wa hivi msimtoe kimya kimya! Mkimtoa kimya anahamia grupu la pili kesho yake. Wekeni skrinishoti zake wazi, watu wazione, familia yake izione. Atafutwe popote alipo.

Kuhusu dalili, mnaniuliza sana, basi ni hizi ninazokumbuka. Ile karatasi ilinilaza Tricorner Knob kabla ya Icewater Spring, wakati ukitokea Fontana unafika Icewater kwanza, Tricorner ni mbele huko maili kumi na kitu. Hakuniuliza namba ya gari, na stika ya maegesho inaandikwa namba ya gari lako, na inatakiwa iwe stika yenyewe ionekane kwenye gari siyo picha kwenye simu. Stika yenyewe ya wiki ni dola 15 yeye kanipigia 45. Kibali kaniwekea "ada ya ofisi". Picha ya profaili ni mlima tu, hana sura. Na ile ya kutuma kama kwa ndugu.

Kibali mnakata wenyewe kwenye tovuti ya hifadhi, anwani inaishia nps.gov, hakuna dalali. Mimi nimeshakata kipya cha mwisho wa mwezi wa kumi, Icewater nimekosa ila naenda. Dreva nimempata kupitia hosteli moja ya watembeaji, analipwa siku ile ile ukishapanda gari.

Jina simtaji kwa sababu ameshabadilisha tangu nianze kulalamika, ila sauti yake ninayo, alikuwa anatuma voisi. Kama umewahi kumtumia hela, au kuna mtu anakwambia sasa hivi "imebaki nafasi moja dada", njoo inboksi nikusikilizishe. Tukiwa wengi wenye voisi moja na akaunti moja ya benki, ripoti zitaenda pamoja.