Nimepanda mnara wa msikiti wa Old Kampala na mjomba wangu, na nyinyi nendeni

Jameni kama uko Kampala na hujawahi kupanda ule mnara wa msikiti mkubwa pale Old Kampala panga siku uende. Mimi niko hapa mjini mwaka wa kumi na moja sasa, nauona kila asubuhi nikishuka taksi paki na sikuwahi kuingia hata siku moja, mpaka wiki iliyopita mjomba wangu alipokuja kutoka Hoima kutibiwa macho akaniambia, mwanangu, kabla haya macho hayajafunga kabisa nataka nione ile kazi ya Gaddafi wa Libya. Basi tukaenda.

Naanza na huduma yenyewe maana najua wengi ndiyo mnayotaka. Unalipia pale chini, sisi raia tunalipa kidogo kuliko wageni wa nje, viatu unaviacha, akina mama wakija bila mtandio au na nguo fupi wanapewa vitambaa vya kujifunika bila kusemwa vibaya, halafu anakuja kijana wa kukutembeza. Si lazima uwe Mwislamu. Wetu alianza na Kiingereza, aliposikia mimi na mjomba tunaongea Kiswahili akageuza na yeye, cha kuungaunga kidogo lakini alijitahidi mpaka mwisho, na alimwita mjomba Hajji muda wote ingawa mzee wa watu hajafika Maka bado. Hakutuharakisha hata mara moja. Ndani ni pakubwa, zulia unakanyaga mguu unazama, taa kubwa zinaning'inia, vioo vina rangi, na kuna utulivu ambao ukikumbuka kelele za soko la Owino ziko hapo chini tu huamini.

Historia anakupa vizuri pia. Kilima hiki ndiko yule Mwingereza Lugard alijenga boma lake 1890, halafu rais Idi Amin akawapa Waislamu 1972 pale Baraza Kuu lao lilipoundwa, msikiti ukaanza kujengwa, pesa zikakata, 1979 Amin mwenyewe akaondolewa na lile gofu likabaki limesimama miaka na miaka. Aliyekuja kumalizia ni Gaddafi kwa pesa ya Libya, ukafunguliwa 2007, na mwaka uliofuata akaja mwenyewe kuuzindua. Uliitwa kwa jina lake, baada ya kuuawa 2011 jina likabadilishwa, sasa ni Msikiti wa Taifa, lakini muulize mtu wa boda yeyote, atakuambia Gaddafi.

Sasa kupanda. Ngazi zinazunguka, ni karibu 300, mimi nilihesabu nikafika 200 na kitu nikapoteza hesabu, nyembamba lakini imara. Mwenye magoti mabovu afikirie kwanza. Mjomba ana zaidi ya miaka sabini na alifika, tukipumzika kila mzunguko, na kwenye mapumziko hayo ndipo alipoanza kusema mambo ambayo sijawahi kumsikia akisema nyumbani. Sisi ni Wanubi, yeye alikuwa askari wa Amin, na Machi 1979 alikuwa upande wa Lukaya, njia ya Masaka, wakati Gaddafi alipoleta vijana wake kuja kumsaidia Amin dhidi ya Watanzania. Anasema walikuja na vifaa vipya kabisa vinang'aa, lakini wengine walikuwa raia tu wa mgambo waliodhani wamekuja mazoezi, hawajui njia, hawajui lugha, na pale kwenye kinamasi walikufa wengi sana. Alisema tu, "Wale watoto hakuna aliyewauliza kama wanataka kuja." Kisha akainuka tukaendelea.

Kule juu, wee. Kampala yote unaiona kama umeitandika mkekani. Namirembe hapo karibu, Rubaga, Mengo, Kibuli kule na msikiti wake, Nakasero, Makerere, paki ya taksi imejaa kama siafu, na hewa ikiwa safi unaona na ziwa. Kijana anakuonyesha kimoja kimoja. Mjomba alikuwa na swali moja tu, barabara ya kwetu iko wapi? Akaonyeshwa Nakulabye kule, inapita Kasubi, inaondoka kwenda Hoima, na akasimama upande huo muda mrefu kuliko pande zote.

Hapo ndipo tulipobishana mimi na mjomba, kwa heshima lakini tulibishana. Yeye anampenda Gaddafi, anasema angalia, mwanajeshi mmoja kapindua serikali 1969 akiwa na miaka 27, mwaka uliofuata kayabana makampuni ya mafuta mpaka yakaongeza bei, jambo ambalo nchi za mafuta zilikuwa zinaliota tu, kachimba maji chini ya jangwa kayapitisha kwenye mabomba ambayo gari linaingia ndani yake kuanzia 1984 mpaka yakafika Benghazi na Tripoli, na bado akabaki na pesa ya kutujengea sisi hapa. Na ni kweli yote hayo, mimi sikatai hata moja, watu wa Libya walisoma na walitibiwa kwa pesa ile. Lakini nilimwambia mjomba, kuna mji kule unaitwa Derna, juu yake palikuwa na mabwawa mawili yaliyojengwa miaka ya sabini wakati wake, nyufa zilijulikana tangu 1998, kampuni ya kuyatengeneza ikapewa mkataba 2007, mwaka ule ule msikiti huu ulipofunguliwa, kazi ikaanza kwa kusuasua 2010 na ikafa 2011 vita vilipoingia, wala hawa waliokuja baada yake wakigombania nchi hawakuitengeneza. Septemba 2023 mvua ikaja mabwawa yakapasuka usiku na maelfu ya watu wakapelekwa baharini na nyumba zao. Sasa nani wa Derna angesimama wakati ule aseme tengenezeni bwawa letu kwanza? Angesimama wapi? Bunge la kumbana mkubwa halikuwepo, magazeti yalikuwa ya serikali, vyama vimekatazwa, anayeamua ni mtu mmoja, akiamka vizuri anajenga msikiti Kampala, akiamka vibaya anapeleka vijana vitani Lukaya au Chad. Ni pesa ile ile ya kisima kile kile.

Mjomba alinyamaza. Kijana wa msikiti naye alinyamaza, nafikiri hakutegemea.

Na si Libya peke yake. Nijeria 1975 chini ya Jenerali Gowon, mafuta yamepanda bei mpaka pesa imewazidi, wakaagiza simiti kama tani milioni 20 wakati bandari ya Lagos uwezo wake ulikuwa kama tani milioni moja kwa mwaka, mameli mamia yakapanga foleni baharini miezi na miezi, serikali inalipa kila meli kwa kila siku ya kusubiri, na simiti nyingine ikaharibika huko huko majini. Wanajeshi wenzake wakampindua Julai mwaka huo huo, wakaja wengine na wengine, mpaka Jenerali Abacha ambaye pesa alizoiba mpaka leo zinarudishwa vipande vipande kutoka benki za Ulaya. Hao hawakutuachia hata msikiti.

Mimi haya mambo yananigusa kwa sababu sisi kwetu, upande wa Hoima na Buliisa, ndiko yaliko mafuta ya Uganda. Yamethibitishwa 2006, wanasema mapipa bilioni 1.4 yanaweza kutolewa, bomba la kilomita 1,443 kutoka kwetu mpaka Tanga, kiwanda cha kusafishia kinapangwa Kabaale cha mapipa 60,000 kwa siku. Shangazi yangu alikuwa na shamba la mihogo na migomba huko, akahesabiwa miti yake, akaambiwa asipande kitu kipya, akakaa miaka anasubiri fidia na shamba limegeuka kichaka, na kila alikokwenda kuuliza aliambiwa nenda kule. Fidia ilipokuja, bei za ardhi zilikuwa zimepanda mara ngapi sijui, alipata kiwanja tu. Ndiyo maana pale juu nilisema kwa sauti kubwa kidogo, mnisamehe mliokuwepo. Sheria ya mfuko wa mafuta tunayo tangu 2015 na inasema hesabu zipelekwe bungeni. Mimi nataka zisomwe na pale Buliisa sokoni, kwa Kiswahili na Kinyoro na Kialuri, shangazi asikie.

Kushuka ni rahisi ila miguu inatetemeka. Chini mjomba aliswali adhuhuri, mimi nikamsubiri ukumbini kivulini, hakuna aliyenisumbua. Nyota tano, kwa kijana yule hata sita kama zingekuwepo, mjomba alimpa kitu kidogo mkononi na yule akakataa mara mbili kabla ya kupokea.

Nendeni asubuhi saa tatu au saa nne, kabla jua halijawa kali. Ijumaa mchana acheni, watu ni wengi wa swala. Bei ya boda kubalianeni kabla hamjapanda, sisi wa kwetu alibadilisha njiani. Bebeni maji, na mkiwa na mzee mwambieni kijana mapema atapunguza mwendo. Mjomba amerudi Hoima juzi, amepiga simu anasema Desemba analeta wajukuu wanne na anataka kijana yule yule.